Maisha ya Mwandishi: Hans Christian Andersen (1805–1875)

Utangulizi

Katika sura zilizotangulia umejifunza kuchambua hadithi kwa kuyatazama maudhui, wahusika, mandhari na mbinu za uandishi. Sura hii inakurudisha nyuma hatua moja, kwa mtu aliyeishika kalamu. Tumemteua Hans Christian Andersen, mwandishi wa Denmaki ambaye ngano zake husomwa na watoto katika pembe nyingi za dunia. Yamkini ulizisikia ngano zenyewe kabla ya kulijua jina lake: kifaranga kibaya cha bata aliyekuja kuwa batamaji, mfalme aliyetembea uchi akidhani amevalia nguo mpya, au nguva mdogo aliyeitoa sauti yake ili apate miguu.

Utafaidika kwa njia mbili. Kwanza, wasifu ni utungo unaoweza kutahiniwa katika karatasi ya insha, na hapa utaona jinsi maisha ya mtu yanavyopangwa kwa mtiririko. Kumbuka kwamba wasifu huandikwa na mtu mwingine, ilhali tawasifu huandikwa na mhusika mwenyewe. Pili, utaona jinsi usuli wa mwandishi unavyokusaidia kuielewa kazi yake, na jinsi unavyoweza kukupotosha usipojihadhari.

Kuzaliwa na malezi

Andersen alizaliwa tarehe 2 Aprili 1805 mjini Odense, katika kisiwa cha Fyn nchini Denmaki. Babake, Hans Andersen, alikuwa fundi wa viatu. Mamake, Anne Marie Andersdatter, aliwafulia watu nguo ili kupata riziki. Tangu 1807 familia hii iliishi katika nyumba ndogo ambamo chumba kimoja kilikuwa karakana ya baba, sebule na mahali pa kulala. Mama alikuwa na binti mkubwa, Karen Marie, aliyezaliwa 1799 kabla ya ndoa hiyo. Likumbuke jina hili, kwani tutalirejelea.

Baba alitamani sana masomo ya juu lakini umaskini ulimzuia. Tamaa yake aliimimina kwa mwanawe. Alimsomea hadithi za Alfu Lela U Lela na tamthilia za Ludvig Holberg, na akamtengenezea jukwaa dogo la vikaragosi. Mama hakujua kusoma vyema, ila alikuwa na hazina ya imani na visa vya wanakijiji. Nyanya yake mzaa baba naye alifanya kazi ya bustani katika hospitali ya maskini na wagonjwa wa akili. Mtoto huyu alikuwa akimfuata huko na kuketi na akina ajuza waliokuwa wakisokota nyuzi, nao wakimtambia ngano za kale. Hapa ndipo unapopata mizizi ya ufundi wake: kabla ya kuwa mwandishi, Andersen alikuwa hadhira ya fasihi simulizi.

Haikuwa hadithi tamu pekee. Babu yake alikuwa na ugonjwa wa akili. Alichonga vinyago vya ajabu vya mbao, na watoto wa mtaa walimwandama wakimzomea. Andersen aliogopa kwamba siku moja naye angerithi maradhi hayo, na hofu hiyo haikumwacha maishani.

Wakati huo Denmaki ilikuwa upande wa Napoleon vitani. Baba alijiandikisha jeshini kwa malipo, akichukua nafasi ya mtu mwingine, kwa matumaini ya kuiokoa familia. Vita viliisha kabla hajapigana. Alirejea 1814 afya yake ikiwa imezorota, akafariki 1816. Mwanawe alikuwa na miaka 11. Mama aliolewa tena 1818. Mvulana alipelekwa kiwandani mara mbili, kwanza kwenye kiwanda cha nguo kisha cha tumbaku, lakini hakudumu. Wafanyakazi wenzake walimdhihaki kwa sauti yake nyororo ya kuimba. Mama aliona heri awe fundi cherehani. Yeye alikuwa ameshauelekeza moyo wake kwenye jukwaa la maigizo.

Safari ya Copenhagen

Mnamo Septemba 1819, muda mfupi baada ya kupokea kipaimara, Andersen aliondoka Odense kwenda Copenhagen, mji mkuu. Alikuwa na miaka 14. Alibeba bunda la nguo na pesa kidogo alizokuwa amedunduliza. Mama hakumkubalia hivi hivi. Alimwita kwanza mwanamke mpiga ramli, ambaye alitabiri kwamba mtoto angekuwa mtu mkubwa na kwamba siku moja mji wa Odense ungewashiwa taa kwa heshima yake. Mama alilia, kisha akamruhusu.

Mjini hakuwa na mtu wa kumtegemea. Alibisha milango ya watu maarufu, akawaimbia, akawachezea, akakataliwa. Giuseppe Siboni, Mwitalia aliyefundisha uimbaji, alimhurumia na kuanza kumfunza, lakini baada ya miezi michache sauti ya mvulana ikavunjika kwa balehe. Akajaribu kusakata dansi katika ukumbi wa Kifalme wa maigizo. Mwili wake mrefu, mwembamba na wenye viungo vinavyoning'inia haukufaa. Akajaribu kuandika tamthilia. Zilirejeshwa.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Waliozisoma tamthilia hizo mwaka wa 1822 waliona makosa ya lugha kila ukurasa, ila waliona pia cheche ya kipaji. Jonas Collin, mmoja wa wakurugenzi wa ukumbi huo, aliamua kwamba kijana huyu alihitaji shule kuliko jukwaa. Alimwombea kwa Mfalme Frederik wa Sita, na karo ikalipwa kutoka hazina ya ufalme. Kwa lugha ya leo ungesema alipata ufadhili wa masomo.

Miaka ya shuleni

Sehemu hii ya maisha yake inakugusa wewe moja kwa moja. Andersen alipelekwa katika shule ya mji wa Slagelse mwaka wa 1822. Alikuwa na miaka 17. Kwa kuwa hakujua sarufi, jiografia wala hisabati, aliwekwa katika darasa la pili kutoka chini, pamoja na wavulana wa miaka 11. Hebu waza: kijana mrefu kuliko mwalimu, amekunja magoti chini ya dawati la watoto.

Mwalimu mkuu, Simon Meisling, alikuwa mjuzi wa Kigiriki na Kilatini, lakini ulimi wake ulikuwa mkali. Alimkejeli Andersen mbele ya darasa na kumwita mjinga. Alimkataza kuandika mashairi, akiona ni kupoteza wakati. Meisling alipohamia shule ya Helsingør mwaka wa 1826, Andersen alimfuata na kuishi nyumbani kwake, kwa hiyo kejeli zikawa za mchana na za usiku. Mwaka huo huo, licha ya katazo, aliandika shairi kuhusu mtoto anayekata roho akizungumza na mamake. Lilichapishwa 1827 na kupendwa na wengi.

Aliendelea kumwandikia Collin barua za kukata tamaa. Collin alimhimiza avumilie, hadi mwalimu mmoja wa shule alipomweleza hali ilivyokuwa. Mwaka wa 1827 Collin alimwondoa na kumtafutia mwalimu wa kumfunza faraghani mjini Copenhagen. Mwaka wa 1828, akiwa na miaka 23, Andersen alifaulu mtihani wa kuingia chuo kikuu. Hadi uzeeni aliota ndoto za kutisha akiwa mbele ya Meisling, hajui jibu.

Zingatia: wasifu mzuri haumfanyi mhusika shujaa asiye na doa, wala haumfanyi adui kuwa shetani. Shule ile ilimuumiza Andersen, na ndiyo iliyompa sarufi, historia na lugha za kigeni alizozitumia maisha yake yote. Mambo yote mawili ni kweli. Ukiandika moja na kuliacha la pili, umeandika nusu ya maisha.

Uandishi wa ngano

Mwaka wa 1829 alichapisha kitabu cha kubuni kuhusu matembezi ya kwa miguu mjini Copenhagen, nacho kikanunuliwa kwa wingi. Mwaka wa 1833 mfalme alimpa fedha za kusafiri ughaibuni, akapitia Ujerumani na Ufaransa hadi Italia. Akiwa Roma, mwezi wa Desemba, alipata barua kwamba mamake amefariki Odense. Alikuwa amemalizia siku zake katika makao ya maskini, akiwa amelemewa na ulevi.

Mwaka wa 1835 ndio uliompa jina. Alichapisha riwaya kuhusu msanii wa Italia iliyomletea sifa hata nje ya nchi yake. Mwaka huo huo alitoa kijitabu chenye ngano nne za watoto. Wahakiki wengi hawakuzipenda. Walilalamika kwamba lugha yake ilikuwa ya mazungumzo, haikuwa ya vitabu, na kwamba baadhi ya ngano hazikuwa na funzo la maadili. Mmoja wa waliotofautiana nao alikuwa rafiki yake Hans Christian Ørsted. Huyu ndiye mwanafizikia aliyegundua mwaka wa 1820 kwamba mkondo wa umeme huisukuma sindano ya dira, jambo unalolikuta katika somo la sumakuumeme. Ørsted alimwambia kwamba riwaya ingempa umaarufu, lakini ngano ndizo zingemfanya asisahaulike. Mwanasayansi aliona kile ambacho wahakiki hawakukiona.

Kile walichokiita kasoro ndicho kilichokuwa uvumbuzi wake. Andersen aliandika jinsi mtambaji anavyotamba: sentensi fupi, vihisishi, milio ya vitu, msimulizi anayemzungumzia msikilizaji. Ngano zake za kwanza zilitokana na zile alizotambiwa utotoni. Baadaye alibuni zake mwenyewe, akavipa uhai vitu vya nyumbani kama sindano, birika na mwanasesere wa bati. Kufikia mwisho wa maisha yake alikuwa ameandika ngano zaidi ya 150. Zile zinazofahamika zaidi ni za nguva mdogo na nguo mpya za mfalme (1837), kifaranga kibaya cha bata (1843), malkia wa theluji (1844), na msichana mwuza viberiti (1845).

Miaka ya baadaye na kifo

Kuanzia 1838 alipokea malipo ya kila mwaka kutoka kwa mfalme, hivyo akaweza kuandika bila kuhofia njaa. Alisafiri sana, akapokewa katika majumba ya wafalme. Hata hivyo, hakuoa, na kwa muda mrefu wa maisha yake aliishi katika vyumba vya kupanga na nyumba za marafiki. Alikuwa mwingi wa hofu. Alisafiri na kamba ndani ya sanduku ili aweze kushuka kupitia dirishani moto ukizuka. Alipougua aliweka karatasi kando ya kitanda ikieleza kwamba alionekana tu kama mfu, ili asizikwe akiwa hai.

Mwaka wa 1857 alimtembelea mwandishi Charles Dickens nchini Uingereza. Ziara ndefu kuliko ilivyotarajiwa ikageuka kuwa wiki tano. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Andersen hakupewa jembe, lakini baada ya hapo Dickens aliacha kumwandikia barua.

Mnamo Desemba 1867 Odense ilimfanya raia wake wa heshima. Mji uliwashwa taa, na watu wakafurika barabarani kumwona mwana wa mfua nguo. Ramli ya miaka 48 iliyopita ilionekana kutimia. Andersen alifariki tarehe 4 Agosti 1875 katika nyumba ya marafiki zake karibu na Copenhagen. Siku yake ya kuzaliwa, tarehe 2 Aprili, huadhimishwa kama Siku ya Kimataifa ya Vitabu vya Watoto.

Maisha yake ndani ya kazi zake

Sasa tuyafungamanishe maisha na kazi. Tazama mifano mitatu.

1. Mfua nguo. Katika ngano ya miaka ya 1850, Andersen anamchora mama anayefua nguo akiwa amesimama ndani ya maji baridi ya mto na kunywa pombe ili apate joto. Watu wa heshima mjini wanasema hafai kitu. Msimulizi anaonyesha kwamba alifaa sana. Ukijua mamake Andersen alifanya kazi gani na alikufa vipi, utaelewa kwa nini sauti ya ngano hii ina uchungu. Maudhui ya utabaka hapa hayakutoka vitabuni.

2. Mfalme na nguo zake. Ngano hii hakuibuni. Kiini chake kipo katika kisa cha Kihispania cha karne ya 14, ambamo kitambaa huonekana tu na yule aliye mwana halali wa babake. Andersen alibadilisha sharti hilo: kitambaa hakionekani na mpumbavu wala asiyestahili cheo chake. Kwa badiliko hilo moja, kejeli ilihama kutoka kwenye nasaba hadi kwenye madaraka. Kisha, kitabu kikiwa tayari kwa mchapishaji, aliongeza mtoto anayesema wazi kwamba mfalme yu uchi. Aliyezoea kudhihakiwa na wakubwa alimpa mtoto neno la mwisho.

3. Kifaranga kibaya cha bata. Watahiniwa wengi wakiulizwa dhamira ya ngano hii huandika kwamba bidii hulipa. Rudi kwenye matini. Kifaranga hakufanya bidii yoyote ili awe batamaji. Alitoka katika yai la batamaji. Alichofanya ni kuvumilia kipupwe. Sasa rudi kwenye maisha. Andersen alikuwa na kipaji cha kuzaliwa, ndiyo. Lakini yai pekee lisingetosha. Bila Collin, bila karo ya mfalme, bila mwalimu aliyesema ukweli kuhusu Meisling, angerudi Odense. Ngano inausahau mkono uliomwinua. Wasifu unaukumbuka. Ni wangapi walikuwa na yai kama lake na hawakumpata Collin? Swali hilo ni la kuulizwa na msomaji makini.

Kile alichokificha

Andersen aliandika kuhusu maisha yake mwenyewe zaidi ya mara moja, na akayaita maisha hayo ngano. Humo kuna baba mpenda vitabu, mama mwenye upendo na mwana aliyefaulu. Karen Marie, dada yake, hayumo. Kwa miaka mingi Andersen aliishi kwa hofu kwamba dada huyo maskini angejitokeza Copenhagen na kumwaibisha mbele ya marafiki zake wakuu. Mwaka wa 1842 dada alijitokeza kweli, naye akampa pesa kidogo. Karen Marie alifariki 1846 mjini humo humo. Mtu aliyewafanya wasomaji wamlilie msichana mwuza viberiti alishindwa kumkubali hadharani maskini wa nyumbani kwake.

Usiharakishe kumhukumu. Mtu aliyepanda kutoka chini katika jamii ya matabaka huogopa kuvutwa tena chini, na hofu hiyo ndiyo unayoisikia katika wahusika wake. Lakini usimwamini mwandishi kwa kila anachosema kujihusu. Hii ndiyo tofauti kuu kati ya tawasifu na wasifu: mwenye tawasifu huchagua cha kukumbuka, mwandishi wa wasifu hana budi kuuliza ni nini kimeachwa.

Jinsi ya kutumia usuli katika jibu lako

(a) Swali la fasihi hujibiwa kutoka katika matini. Ukisimulia maisha ya mwandishi ukurasa mzima bila kurejelea hadithi, hutapata alama.
(b) Tumia usuli kuelezea kwa nini, baada ya kuonyesha nini. Kwanza taja tukio la hadithini, kisha, ikibidi, sentensi moja ya usuli.
(c) Mhusika si mwandishi. Andika kwamba mhusika anaakisi hali aliyoijua mwandishi. Usiandike kwamba mhusika ndiye mwandishi.
(d) Katika insha ya wasifu, fuata wakati, tumia nafsi ya tatu, na uoanishe kila tukio na athari yake. Orodha ya tarehe pekee si wasifu.

Maswali ya marudio

1. Eleza mambo manne katika malezi ya Andersen yaliyochangia uandishi wake. (alama 8)
2. Fafanua namna fasihi simulizi ilivyoathiri mtindo wa ngano zake. (alama 4)
3. Kipaji bila msaada ni kama mbegu juu ya mwamba. Jadili kauli hii kwa kurejelea maisha ya Andersen. (alama 10)
4. Chagua hadithi moja katika diwani unayoisoma. Onyesha sehemu moja ambapo usuli wa mwandishi unaifafanua hadithi, na moja ambapo hadithi inajitegemea. (alama 6)
5. Andika wasifu wa mtu wa kijijini au mtaani kwenu aliyewainua wengine kielimu bila jina lake kuvuma. (alama 20)